Vyombo vya kukodi kwa mchezo wa shule: fundi wa Kisauni nampa nyota nne kati ya tano

Haya, tangu ule mchezo wetu wa shule wa Mekatilili uishe nimeulizwa na walimu sijui wangapi, vyombo mlitoa wapi, zile maiki za shavuni ni za nani, mlilipa ngapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo naandika mara moja mwenye kusoma asome. Silipwi na mtu, mwenyewe hata hajui kama namwandika, na nikishamsifu nitamsema pia manake kuna mambo yaliniudhi.

Duka lenyewe ukitafuta bango hulipati. Liko Kisauni, Mombasa, ndani ndani, bango lilibebwa na upepo wa kusi na hakuweka lingine, watu husema tu "kwa fundi wa vyombo". Nje kuna spika mbili zilizokufa zimegeuzwa viti vya wateja. Ndani utamkuta mzee mmoja na kofia yake ya viua anapangusa waya kwa kitambaa, mmoja mmoja, kama mtu anayefuta vijiko vya wageni. Huyo amebeba vyombo vya taarab kwenye maharusi tangu enzi za kaseti. Siku hizi anayekaa kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ni mpwa wake, kijana mpole haongei, na huyo mpwa ndiye sababu ya nyota tatu kati ya hizi nne.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, drama nilitwikwa tu. Junior school ilipoanza 2023 na grade seven ya kwanza kuingia, hedi alituangalia wote staffroom akasema wewe unaongea sana, chukua drama. Basi. Watoto wangu ni wa grade seven mpaka nine, miaka kumi na mbili hadi kumi na tano hivi, na shule hatuna hall, tuna banda la kulia chakula, mabati juu simiti chini, na kuta za nusu upande mmoja. Hapo ndipo nilipotaka kufanya mchezo mzima wa kuimba, nyimbo tisa, watoto thelathini na nane, siku ya wazazi mwisho wa term two.

Kabla sijafika kwa huyu wacha niwape ya mwaka uliopita. Tulikodi kwa mwengine, jina silitaji, elfu sita, tukajiona wajanja. Alikuja na spika mbili ndefu kama makabati, za harusi, na maiki mbili, moja ya waya na moja ya kodlesi inayokatika. Sasa fikiria mchezo una watoto saba wanaozungumza na maiki ni moja na nusu. Wanapokezana kama upawa wa uji. Kuna sehemu mtoto anaambiwa "mama anakufa!" na badala ya kumkimbilia mama anakimbilia maiki, alafu mama naye, yule anayekufa, anainuka nusu kumpa maiki alafu anarudi kulala. Wazazi walicheka mpaka wakatoa machozi na mimi nilitoa machozi yangu nyuma ya pazia. Spika nazo zikiguswa kidogo zinapiga mbinja mpaka mbwa wa majirani wanajibu. Fundi alikuwa wapi? Nje, kwenye simu. Alifungulia sauti saa nane akarudi saa kumi kufunga.

Kwa hivyo mwaka huu nilipoenda Kisauni nilienda na daftari na hasira. Nikamwambia mzee nataka maiki kumi na moja za kichwani, spika kubwa na bei yako ya mwisho. Hakunipa bei. Akaniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na mtu wa vyombo: wangapi wanaongea kwa wakati mmoja? paa ni la nini? ngoma zinakaa wapi? wanaimba na mziki wa flashi au na mtu anayepiga? Alafu akasema sitakuambia bei mpaka nione mahali. Nikadhani ni kuzungushwa tu, ela kesho yake asubuhi mapema alikuwa getini na mpwa.

Mzee akasimama katikati ya banda akapiga kofi moja, pa, akanyamaza anasikiliza. Akahama kona, pa. Akaenda nyuma kabisa, pa. Wapishi wanamtazama. Akaniambia, "Mwalimu, hapa sauti inarudi kama mpira. Ukiniletea spika kubwa hapa utasikia kishindo, maneno huyasikii." Akataka mablanketi. Nikamwambia hii ni shule ya kutwa mzee wangu, hatuna mablanketi. Akasema basi kila mzazi wa kamati alete moja. Wakaleta, kumi na moja, mawili ya chui, tukayatundika ukuta wa nyuma na mpwa akapiga kofi tena na wallahi hata mimi nisiyejua kitu nilisikia tofauti, ile pa ilikufa palepale. Alafu spika akaleta za kiasi, nne, mbili mbele na mbili katikati ya banda kwa ajili ya wazazi wa nyuma, zote zikiwa mbele ya watoto wala sio nyuma yao, manake maiki ikiisikia spika yake yenyewe ndio ile mbinja.

Kuhusu idadi tuligombana. Mimi nasema kumi na moja, yeye anasema sita. "Mpwa wangu ana vidole kumi lakini macho ni mawili." Na tena akasema hizi za wayalesi ukizijaza nyingi za bei ndogo mahali pamoja zinaanza kugombania mawimbi, moja inaingia kwa nyingine. Sita basi, za kichwani, na mbili za stendi kwa ajili ya kwaya. Ikabidi tupange nani anamvulia nani. Tukaweka meza nyuma ya pazia, kila maiki na namba yake kwa masking tepu, na mzazi mmoja mama muuguzi akakaa hapo hakuondoka: namba nne ni ya bwana shauri, yule mtawala wa Kiingereza, mpaka wimbo wa tatu, alafu inavaliwa na mzee wa kaya. Yule mama alikuwa anavalisha watoto maiki kama anafunga bandeji.

Sasa mchezo wenyewe, kwa wasioujua, ni wa Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyesimama na Waingereza 1913. Alizunguka kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakikusanyika anawaambia msitoe vijana wenu. Yeye na Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa, wakapelekwa mbali huko bara magharibi, wakatoroka wakarudi pwani kwa miguu. Ukitafuta hadithi iliyojileta yenyewe jukwaani ndio hii. Kifudu tuliwauliza wazee kwanza, wakatuambia hatua gani tuziache, tukaziacha. Na viapo, mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume, hatukuonyesha, tulizima taa tu ikabaki kwaya inaguna.

Hapo kwenye kuzima taa ndipo mpwa alipojifunza kazi yetu na sisi tukajifunza yake. Siku ya mazoezi ya mavazi, giza, kwaya inaguna, mimi mwenyewe nimesisimkwa, mara kwenye spika zote nne ikatoka sauti ya mtoto: "Ni nani amekula viazi karai vyangu?" Maiki namba tatu ilikuwa nyuma ya pazia, wazi. Nilifikiri kijana atanipa visingizio. Akaniomba script. Script nzima, ukurasa kwa ukurasa. Akaenda nayo nyumbani usiku huo na aliporudi ilikuwa imejaa alama, kijani pale anapofungua maiki, nyekundu pale anapofunga, na pembeni ameandika vitu kama "huyu anapumua kabla", "hapa anageuza kichwa, ongeza kidogo". Mimi script yangu mwenyewe sijaisoma hivyo! Tangu hapo mtoto akitoka jukwaani maiki imefungwa kabla kisigino hakijapita pazia.

Mazoezi hayo ya mavazi yako ndani ya bei, na kwangu mimi hapo ndipo pesa zangu zilipofanya kazi. Yule wa mwaka uliopita nilimkodi spika. Huyu nilimkodi mtu wa kukaa na sisi siku mbili. Vyombo vyake kwa kweli sio vipya, kuna miksa imeandikwa kwa kalamu ya wino manake maandishi yote yamefutika, na hedseti mbili zimefungwa selotepu. Lakini mambo ya watoto wa umri huu yanataka mtu anayeangalia.

Mfano mahando. Tulishonesha mahando, zile sketi za marinda za Kigiriama, ya wasichana wote wa kifudu, nyanya wa mtoto mmoja kutoka Kaloleni ndiye alikuja kutuonyesha marinda yanavyopangwa, kazi ya wiki tatu, na leso tulipitia Biashara Street kama kawaida. Hando linajaza kiuno, si ndio, kwa hivyo kile kiboksi cha maiki kikajificha humo vizuri hata hukioni. Tukafurahi. Wakaanza kucheza, na kifudu unajua kiuno kinafanya kazi, maiki ya Mekatilili ikakatika. Tukabadilisha betri. Ikakatika. Mpwa akatoka kwenye miksa akaja kumtazama mtoto akicheza bila mziki, polepole, alafu akacheka mara ya kwanza tangu nimjue: kila kiuno kikienda kushoto rinda linabonyeza swichi. Akaiwasha, akaizungushia selotepu juu ya swichi mara mbili, kwisha.

Au hijabu. Nusu ya wasichana wangu wanavaa na hata kwenye mchezo tuliwafunga leso kichwani kwa namna ya zamani ili kila mtu awe sawa. Ukiweka maiki ndani ya kitambaa sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya gunia, na kitambaa kikisugua unasikia kama mtu anakaanga samaki. Mzee alishaliona hilo kwa waimbaji wa taarab. Akasema shoneni kitanzi kidogo cha uzi ukingoni mwa leso karibu na shavu, waya upite ndani, kichwa cha maiki kitokeze nje kwenye kitanzi. Dakika tano kwa kila mtoto. Na hakumgusa mtoto wa kike hata mmoja, alimwelekeza yule mama muuguzi naye akafanya, hilo pia nililiona na wazazi waliliona.

Kayamba sasa. Mimi nilitaka kayamba sita mbele manake zinapendeza kuziangalia. Mpwa akanikatalia, kwa adabu, ela alinikatalia. Ile sauti yake ya mchanga, shaa shaa, inakaa palepale zinapokaa herufi za watoto, s na sh na f, kwa hivyo kayamba zikipigwa maneno yanameguka, unasikia watoto wanaimba lakini hujui wanaimba nini. Tukazirudisha nyuma, nne badala ya sita, na bumbumbu, ile ngoma kubwa, pembeni kabisa bila maiki, haihitaji, ile inasikika Mtwapa. Nilinuna kidogo. Alafu nikaenda nyuma ya banda kusikiliza nikasikia kila neno la wimbo wa kwanza, nikaacha kununa.

Jambo la sauti za wavulana hilo si la mwenye vyombo lakini walimu wenzangu mtanielewa. Wanje wangu nilimchagua mwezi wa tano, sauti safi kama kengele. Mwezi wa saba akafungua mdomo ikatoka sauti ya mlango wa stoo. Sauti imepasuka, ndio umri, hakuna wa kulaumiwa, ila wimbo wake ndio unaofunga sehemu ya pili. Kama tungekuwa tunaimba na flashi tungekwama, mziki wa flashi umeshapikwa. Ndio maana mzee aliniuliza swali lile siku ya kwanza. Akanikodishia kibodi kwa elfu moja na mia tano juu, mwalimu wa hesabu anapiga kanisani kwa hivyo alikuwepo, tukashusha nusu toni tatu kwa mistari ya Wanje peke yake. Kwaya ilipokuja chini huko wasichana wadogo hawakuweza, wananguruma tu, kwa hivyo kibodi ikawa inashuka kwa Wanje na kupanda kwa kwaya, na ule mpandisho ukawa mzuri kuliko tulivyoandika mwanzo. Mtoto mwenyewe alikuwa anaona haya, akamwomba mpwa amwongezee maiki. Mpwa akamwambia maiki haikupi sauti, inachukua uliyo nayo, wewe imba nitakufuata.

Na kuku. Masimulizi yanasema Mekatilili alimletea bwana shauri Champion kuku na vifaranga mbele ya watu, akamwambia hebu chukua kifaranga kimoja. Alipojaribu mama kuku akamdona, na Mekatilili akawaambia ndivyo mtakavyoona mkitaka kuchukua wanetu. Bwana akampiga kuku risasi. Huwezi kufanya mchezo wa Mekatilili bila kuku. Mke wa askari wetu wa geti akatuazima kuku wa kweli kwa mazoezi, koo mkali. Kila kitu sawa mpaka Mekatilili alipoinama kumweka chini, kuku akaona kile kisponji cheusi cha maiki pale shavuni, akakidona, akakimeza. Akakimeza kabisa. Spika zikatoa mlio sijui niseme wa nini. Mtoto hakuumia, Alhamdulillahi, kuku pia mzima, tulimchungulia siku mbili. Ila kisponji tulitozwa mia mbili, na kiliandikwa kwenye risiti: "sponji (kuku)". Siku yenyewe tukatumia kuku wa kitambaa na mpwa akaweka mlio wa kuku na risasi kwenye laptopu, na alivifungulia kwa wakati wake, mkono wa Champion unaenda, koko, mdono, kimya, pa. Kuna mzee mstari wa tatu alisema "ahaaa" kwa sauti ambayo ingenitosha mwaka mzima.

Sehemu moja tu ilikatika siku hiyo. Ile safari ya kurudi kwa miguu niliwapitisha watoto katikati ya wazazi, wanazunguka banda lote wanaimba, na nyuma ya nguzo kubwa maiki ya Wanje ikapotea kama maneno manne. Kwenye mazoezi viti vya pale havikuwa na watu, siku hiyo watu walijaa mpaka wamesimama, na miili ya watu inameza mawimbi hayo. Mpwa alipandisha vile viboksi vya kupokea juu ya rafu ya masufuria na ikarudi. Hilo simlaumu.

Ninalomlaumu ni hili. Moja, betri. Bei aliyonipa ni elfu kumi na nne kwa siku mbili, usafiri ndani, nikajua imeisha. Kumbe betri ni zangu. Kila kiboksi kinakula mbili, maboksi sita, na yeye hakubali betri ya jana iingie kwenye shoo hata kama haijaisha, kwa hivyo ishirini na nne, na hataki zile za bei rahisi, elfu moja mia nne na arobaini zikatoka mfukoni mwangu kwenye duka la jirani. Sababu yake naielewa, betri ikifa ni katikati ya wimbo, ela niambie siku ya kwanza mzee wangu, niombe hedi, usiniambie mlangoni.

Pili, kuchelewa. Wazazi tuliwaita saa nane. Saa nane wamekaa, mgeni rasmi amekaa, yeye gari liko kwenye foleni ya barabara ya Mtwapa ambayo kila mtu alijua ilikuwa inachimbwa, na simu haishiki. Nimempigia mara tisa. Saa nane na dakika ishirini ndio anaingia getini, anasema simu ilikuwa chini ya spika. Walifunga kila kitu kwa nusu saa na mpwa hakukimbia hata mara moja, lakini mimi presha yangu ilishapanda na ilibidi nimtume mwalimu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, akawapigie wazazi stori. Ambazo zilikuwa nyingi kuliko nilizomuomba.

Na anashika kitambulisho chako na elfu tatu za dhamana mpaka ahesabu waya wote. Anahesabu kweli. Nilikaa kwenye zile spika-viti saa nzima Jumatatu akihesabu, anapangusa, anahesabu.

Ukienda, nenda na script iliyochapishwa, sio ya kwenye simu, manake mpwa ataiomba. Mwambie paa lako ni la nini. Uliza betri. Akuahidi kufika muda wa saa moja na nusu kabla ya ile saa unayotaka kweli. Mimi nimeshampa tarehe ya mwaka ujao, ameiandika ukutani kwa kalamu ile ile ya miksa, alafu akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, na kuku atakuwepo?"